Ujira wa Mpinzani

Mpiganaji wa MMA, yaani mapigano ya mitindo mchanganyiko, hana cha kuuza ila mwili wake. Magoti, taya, ubongo, vyote huingia naye kizimbani, na si vyote hutoka salama. Ndiyo maana yanapotajwa maisha ya Francis Ngannou, mimi hutazama mikataba yake kuliko ngumi zake, ingawa ngumi zenyewe si za mchezo.

Alizaliwa mwaka 1986 Batié, magharibi mwa Kamerun, na tangu utotoni alichimba mchanga machimboni. Mwaka 2012 aliondoka kwao, akakata Jangwa la Sahara hadi Moroko, akajaribu tena na tena kuvuka bahari. Alipofika Hispania aliwekwa kizuizini miezi miwili. Paris alilala nje, akitafuta pa kufanyia mazoezi ya ndondi, hadi kocha mmoja akamvuta kwenye MMA. Machi 2021, mjini Las Vegas, alimwangusha Stipe Miocic raundi ya pili, akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, shirika kubwa la MMA.

Hadithi za namna hii tumezoea kuzimalizia hapo: fukara kapata, mkanda uko kiunoni, tupige makofi. Mimi naona sehemu yenye uzito ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Januari 2022 alitetea mkanda huo dhidi ya Ciryl Gane huku kano za goti lake zikiwa zimechanika. Raundi mbili za kwanza alizidiwa. Kuanzia ya tatu, mtu huyu aliyesifika kwa ngumi nzito alianza kumkamata mwenzake, kumnyanyua na kumbwaga chini, kisha kumlalia asiinuke. Majaji wote watatu walimpa ushindi. Baadaye akafanyiwa upasuaji. Malipo yake yaliyotangazwa kwa usiku ule yalikuwa dola 600,000, ambazo ni nyingi kwetu sote, lakini biashara aliyoibeba ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Mazungumzo ya mkataba mpya yalipofika, aliomba bima ya afya kwa wapiganaji, uhuru wa kutafuta wadhamini, na mtu wa kuwasemea wapiganaji kwenye vikao vya uongozi. Wapiganaji wa UFC si waajiriwa. Wanahesabiwa kuwa wakandarasi wanaojitegemea, na hawana chama chenye nguvu cha kuwapigania. Hakukubaliwa. Januari 2023 aliondoka akiwa bado bingwa, na wengi wakasema amejimaliza mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka huohuo alisaini na PFL, shirika jingine la MMA, na humo ndimo lilimo jambo ninalolipenda kuliko ushindi wake wowote. Alidai kwamba atakayepigana naye alipwe si chini ya dola milioni mbili. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Mpinzani huyo hata alikuwa hajajulikana jina. Angekuwa mtu anayekuja kumvunja taya na kumnyang'anya riziki, na Ngannou alikwisha kumwekea ujira mezani. Alijua kwamba ule mwili wa upande wa pili nao ni wa mtu, una mama na watoto wanaousubiri nyumbani.

Oktoba mwaka huo alipanda ulingoni Riyadh kwa pambano lake la kwanza la ndondi za kulipwa, akamwangusha bondia Tyson Fury raundi ya tatu, kisha akashindwa kwa pointi baada ya majaji kugawanyika. Waliosema amejimaliza walinyamaza. Lakini hata angeanguka sekunde ya kwanza, dai lake lingebaki kuwa la haki.

Kwangu mimi, Ngannou anastahili kutajwa popote wanapotajwa watetezi wa wafanyakazi. Na vijana wetu wanaojifunza MMA na ndondi wamtazame hapo kwanza: wasome mkataba wote kabla ya kusaini, waulize nani atalipa hospitali, na waulize pia mwenzao wa kona ya pili analipwa nini.