Hatufuti, Tunapiga Mstari

Mzee alikuja Jumatano, saa nne asubuhi, amevaa baraghashia na ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda kuketi kwenye kompyuta aliyoizoea, ya pili kutoka dirishani. Baada ya dakika chache aliniita.

"Mwanangu, maneno yangu yameenda wapi?"

Nilijua yalikokwenda. Mimi ndiye niliyeyafuta.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya masomo ya habari, nikifanya mazoezi kwa vitendo katika maktaba ndogo jijini Dar es Salaam. Darasani tulikuwa tumesoma kuhusu wazo ambalo Mmarekani Michael Casey alilipa jina la Maktaba 2.0 mwaka 2005: maktaba ambayo msomaji haji kuchukua tu, bali huja pia kuleta. Nilifika pale nikiwa na hamu ya kulitenda wazo hilo. Mkutubi mkuu aliniruhusu, nasi tukaanzisha vitu vitatu kuhusu historia ya mitaa ya jiji.

Cha kwanza kilikuwa blogu, ambayo niliiandika mimi. Cha pili kilikuwa mlisho, ile huduma inayochukua kila makala mpya na kuipeleka kwa aliyejiandikisha bila yeye kuja kuitafuta. Wetu tuliuunganisha na barua pepe. Cha tatu kilikuwa wiki, yaani kurasa ambazo msomaji yeyote aliyejisajili anaweza kuziandika na kuzihariri. Jina hilo hutuchekesha Waswahili, maana kwetu wiki ni siku saba. Ward Cunningham, aliyetengeneza wiki ya kwanza mwaka 1995, alilitoa kwenye Kihawaii, ambako maana yake ni haraka. Alikuwa amelikuta kwenye jina la mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu.

Ukurasa wetu wa kwanza ulihusu Kariakoo. Yanayojulikana tuliyaandika bila shida. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka pale kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, kama Nairobi lilivyogeuka kuwa Kariokor. Tuliandika juu ya jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, na juu ya moto wa Julai 2021.

Kisha mzee akaongeza aya moja. Aliichapa kwa kidole kimoja, karibu saa nzima. Aliandika kwamba bibi yake mzaa mama, akiwa msichana, alipika uji katika kambi ile. Kila mpagazi alikuwa na kifuu chake cha nazi cha kunywea uji, amekichora alama yake kwa kisu. Msafara ulipoondoka, vifuu viliachwa kwa wapishi. Msafara uliporudi, kila mtu alichukua chake. Vilivyokosa mwenyewe vilirundikwa chini ya mwembe, na bibi yake aliuona kwa macho yake mrundo ule ukipita kimo cha mtoto.

Jioni ile niliisoma aya hiyo mara mbili. Ilinigusa, na kwa sababu ilinigusa nikaitilia shaka zaidi. Hakukuwa na kitabu kilichotajwa, wala jalada, wala picha. Ukurasa ulikuwa na jina la maktaba juu yake, na mwalimu wangu angeusoma. Nikaifuta. Programu ya wiki ina kisanduku kidogo cha kueleza sababu ya badiliko. Nilikiacha kitupu.

Mzee aliponiuliza maneno yake yameenda wapi, nilimjibu, "Mzee, bado tunaurekebisha ukurasa." Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli.

"Haya, mwanangu," alisema. Karatasi ile hakuikunjua. Aliitia mfukoni, akaondoka.

Siku mbili baadaye alikuja mwalimu wa sekondari, mmoja wa waliojiandikisha kupata mlisho wetu. Alikuwa na nakala mbili zilizochapishwa, akaziweka mezani pamoja. Zote zilikuwa makala yangu moja ya blogu, kuhusu Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya jiji. Nakala ya kwanza, iliyomfikia kwa barua pepe, ilisema sanamu ilizinduliwa mwaka 1917. Ya pili, aliyoitoa kwenye blogu asubuhi ile, ilisema 1927.

"Dada, hapa mwongo ni nani?"

Mwaka sahihi ni 1927. Nilikuwa nimekosea tarakimu moja, nikagundua kesho yake, nikaibadilisha na kumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeona. Sikukumbuka kwamba mlisho ulikuwa umeshapeleka kosa langu kwa wote waliojiandikisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimepangusa sakafu ya kwangu tu. Mwalimu alikuwa ametunga jaribio kwa kutumia nakala yake. Mwanafunzi mmoja, aliyekuja maktabani na kusoma kwenye blogu yenyewe, aliandika 1927 akapigwa kosa.

Nilimweleza mwalimu kilichotokea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeandika tu kwamba umebadilisha," alisema. "Yule mtoto nilimwambia mbele ya wenzake kwamba hasomi."

Mkutubi mkuu, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa amesikia yote. Hakunigombeza. Alifungua kabati akatoa rejista ya vitabu, daftari kubwa ambamo kila kitabu kinachoingia hupewa namba yake. Akanionyesha kurasa za miaka ya nyuma. Bei iliyokosewa ilikuwa imepigwa mstari mmoja, na bado ilisomeka. Juu yake bei sahihi, pembeni saini na tarehe. Kitabu kilichoandikwa kimepotea kilikuwa na mstari juu ya neno "kimepotea", kisha "kimerudi", kisha saini.

"Humu hatufuti," alisema. "Tunapiga mstari, tunatia saini. Atakayekuja baada yetu ajue tulikosea wapi, na nani alirekebisha."

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile, na sasa limekuwa sehemu ya tasnifu ninayoiandika. Swali langu ni hili: mtu akisahihisha kosa kimyakimya, na sasa ukurasa unasema kweli, amemkosea nani?

Jibu la haraka ni kwamba hajamkosea yeyote. Msomaji wa leo anapata mwaka sahihi, na kazi ya maktaba ni kumpa msomaji kilicho sahihi. Lakini jibu hilo linamsahau msomaji wa jana, aliyeniamini, akaondoka na kosa langu, akalifundisha. Mimi nilijua ninayo deni kwake, nikachagua asijue kwamba ananidai. Usahihi ni sifa ya ukurasa. Uaminifu ni jambo la watu wawili. Nilikuwa nimeutengeneza ukurasa na kumwacha mtu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba rejista ya Mama ilikuwa ndani ya programu yangu muda wote. Kila ukurasa wa wiki una mahali palipoandikwa Historia. Ukibonyeza hapo unaona kila badiliko tangu siku ya kwanza: aliyelifanya, saa, neno lililotoka na neno lililoingia. Nilipajua, lakini nilipachukulia kuwa pa mafundi, pa kurudishia mambo yakiharibika. Blogu yetu haikuwa na ukurasa kama huo kwa msomaji. Pale uaminifu ulitegemea mkono wangu peke yake, nao mkono wangu ulikuwa umefuta. Ndiyo maana siku hizi sisemi kwamba chombo fulani ni cha kisasa zaidi kuliko kingine kabla sijauliza kinafanya nini na makosa ya mwenye kukitumia.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema maktaba si jalala. Ukihifadhi kila kilichoandikwa, utahifadhi uongo na madhara pia. Ana hoja. Katika miezi ile mitatu mtu mmoja aliandika kwenye wiki yetu kipimo cha dawa ya mizizi ya kushusha presha. Mwingine alimtaja jirani yake kwa jina kwamba alipora kiwanja. La dawa tuliliondoa siku hiyohiyo tukaandika sababu. La jirani tuliliondoa hata kwenye Historia, kwa sababu kuliacha pale kungekuwa kuendelea kumchafua mtu asiyekuwepo kujitetea. Hata Wikipedia, pamoja na uwazi wake wote, ina wasimamizi wenye uwezo wa kuficha toleo la ukurasa lenye kashfa au siri za mtu.

Kwa hiyo sidai kwamba hakuna kinachopaswa kuondoka. Ninachodai ni kwamba kinapoondoka, pengo lionekane, na pembeni yake pawe na jina la aliyekiondoa na sababu yake. Mtu aliyeondolewa maneno anaweza kubishana na sababu. Hawezi kubishana na ukimya.

Lakini hata kama ningejaza kile kisanduku na kuandika "hakuna chanzo", je, ningekuwa nimemtendea haki mzee? Hapa palinisumbua zaidi. Sanamu ya Askari iliwekwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita ile, lakini haina majina yao. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na kwa wengi wao hakuna aliyejishughulisha kuandika jina. Waliokuwa na kalamu ni wale waliotoa amri. Nikisema sipokei habari za kambi ile isipokuwa zenye karatasi, ninamdai mpagazi risiti ambayo hakuna aliyempa.

Si mimi wa kwanza kukwama hapo. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake walifanya jaribio nchini India na Afrika Kusini, wakarekodi sauti za watu wakieleza mambo yasiyo vitabuni, ili rekodi hizo zitumike kama chanzo katika Wikipedia. Jaribio hilo lilizua ubishi, na ubishi huo una maana, kwa sababu kumbukumbu nayo hukosea. Hata hivyo lilinionyesha njia niliyokuwa nimeiruka. Aya ya mzee haithibitishi kwamba palikuwa na mrundo wa vifuu chini ya mwembe. Inathibitisha kwamba katika nyumba moja ya jiji hili habari hiyo imesimuliwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Hilo ni kweli, nalo linaweza kuandikwa hivyo hivyo, kwa jina lake.

Nilianza na blogu. Niliandika makala ya mistari mitatu: nilichosema, kilicho sahihi, na kwamba niliyekosea kisha nikabadilisha bila kutaja ni mimi. Niliichapisha kama makala mpya ili mlisho uipeleke kwa kila aliyepelekewa kosa. Mwalimu alijibu kwa neno moja, "Asante." Sijui kama yule mwanafunzi aliiona.

Mzee hakuja Jumatano iliyofuata. Nilitafuta namba yake katika daftari la wasomaji, nikampigia na kumwomba aje. Alikuja wiki ya pili. Nilimwekea kiti, nami nikaketi pembeni yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, maneno yako nilifuta mimi. Ulipouliza nilikuficha. Nisamehe."

Alinitazama kwa muda. "Nilijua," alisema. "Mashine haifuti yenyewe."

Nilimfungulia Historia nikamwonyesha aya yake, nzima, na chini yake jina langu na saa niliyoifuta. Kisha mbele yake nikairudisha, na juu yake nikaandika: masimulizi ya familia, yaliyotolewa maktabani na mkazi wa jiji. Aliisoma polepole. Alipofika mwisho alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua.

"Hapa pana kosa," alisema. "Niliandika bibi aliona kwa macho yake. Hakuona yeye. Aliyeona ni dada yake mkubwa. Bibi aliambiwa."

Nilimuuliza kwa nini aliandika vile.

"Nilidhani nikisema aliambiwa mtaikataa."

Sikuwa na la kujibu. Alikuwa ameninusa kabla hajanifahamu.

"Sasa nikilitengeneza," aliuliza, "lile la kwanza litaonekana?"

"Litaonekana, mzee. Mtu akibonyeza hapa."

"Na jina langu?"

"Na jina lako."

Alifikiri, akavua baraghashia, akaiweka juu ya goti. Kisha akaanza kuchapa kwa kidole kile kimoja. Alipomaliza aliniuliza kile kisanduku kidogo cha chini ni cha nini. Nikamwambia ni cha kueleza kwa nini umebadilisha, si lazima kukijaza.

Akakijaza: "Nimejisahihisha mwenyewe."