Sitara hii ni ya nani?



Katika madarasa ya watu wazima ninayofundisha hapa Mbeya, na ninapoalikwa Iringa, hunijia swali kwa karatasi isiyo na jina: aliyeingiliwa utotoni na ndugu wa nyumbani, je, ana dhambi? Muulizaji mara nyingi ni mzazi tayari. Miaka ishirini imepita, bado hushtuka akiguswa, halali taa ikizimwa, na anajiona najisi kiasi cha kutilia shaka udhu wake.

Udhu wake ni sahihi. Kalamu haimwandikii mtoto dhambi mpaka abaleghe, na aliyelazimishwa hana lawama. Zama za Mtume (S.A.W.) mwanamke alibakwa akielekea kuswali. Katika mapokezi ya Wail bin Hujr aliyoyapokea Tirmidhi, Mtume alimwambia aende zake, Mwenyezi Mungu amemsamehe. Humo hamna swali la alivaa nini.

Lakini fat'wa haiondoi jinamizi. Hapo sisi walimu huharakisha kusema ana jini, au imani yake haba. Kisomo sikikatai. Ila Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, nani atasema imani yake ilikuwa haba?

Utafiti uliofanywa nchini mwaka 2009 na kutangazwa 2011 ulionesha kuwa wasichana karibu 3 kati ya 10, na wavulana takriban 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wavulana! Hao hata karatasi hawaandiki.

Kinacholitonesha jeraha ni kikao cha ukoo. "Tumstiri ndugu yetu," wanasema, na mtoto anaendelea kumpelekea chai mtu yule yule kila Idi. Amestiriwa nani hapo? Suratun-Nisaa aya ya 135 inaamrisha uadilifu hata dhidi ya wazazi na jamaa. Na tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kumbaka msichana wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Wazee hawana mamlaka ya kukifuta kwa ng'ombe wawili.

Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, simu 116 ni ya bure, na hospitali za rufaa zina wataalamu wa afya ya akili. Kamati za misikiti nazo zisikilize: ustadhi akituhumiwa, asihamishwe kimya kimya kutoka Iringa kuja Mbeya akapewe darasa jingine la watoto. Apelekwe huko huko dawatini.