Ubora wa Kisu na Ubora wa Mtu

Wapenzi wa uchongaji wa mti wakikutana hawakosi kushindana juu ya visu vya nchi za Kaskazini, yaani Uswidi, Ufini na Norwei. Na mashindano hayo, ambayo mpita njia huyadhania kuwa ni ya chuma na vipini tu, yamebeba suala kongwe lililowashughulisha wanafalsafa wa Kiyunani karne nyingi kabla fundi wa kwanza wa Mora, kule Uswidi, hajawasha tanuri lake: kitu kikisifiwa kuwa ni bora, ubora huo hukaa wapi, na je, mizani ipimayo ubora wa chombo yafaa kumpimia mwanadamu? Nimependa kulianza suala hili chini, kwenye kisu chenyewe, kwa kuwa mijadala ya fadhila ianzayo mawinguni aghalabu hubaki huko huko.

Visu hivi havikunjwi. Kengee yake ni fupi, imesimama juu ya msuka uliozama katika kipini cha mti, na mara nyingi hakuna kizuizi chochote baina ya kipini na makali. Sifa yake kubwa imo katika unoaji. Visu vingi vya jikoni huteremka taratibu toka mgongoni, kisha ukingoni hukatiwa mteremko wa pili mwembamba ambao jicho halioni upesi. Kisu cha Kaskazini kina mteremko mmoja tu kila upande, mpana na ulionyooka, uanzao ubapani na kwisha kwenye makali yenyewe. Mtazame mchongaji akiwa kazini. Ameshika kipande kibichi cha mbetula, ule mti wa gome jeupe wa nchi za baridi; ameulaza mteremko wa kisu juu ya mti mpaka chuma na mti vikakutana uso kwa uso; kisha amekiinua kisu kidogo mno, kiasi cha unene wa ukucha, na kukisukuma kwa gumba la mkono ulioshika mti. Makali yanaingia, na uso ule ule uliolala unayazuia yasizame kupita kiasi, ukawa ndio kiongozi wake. Ubanzi unatoka mrefu, mwembamba, umejiviringa, na nyuma yake mti unabaki laini usiohitaji msasa. Wakati wa kunoa ni vivyo hivyo: hapana haja ya kukisia pembe, bali mteremko wote hulazwa juu ya kinoo na kupelekwa mbele na nyuma mpaka makali yashike. Fundi wa milango wa Lamu, aliyezoea patasi na nyundo, angestaajabu kuona kazi nzima ikimalizwa kwa kisu na gumba bila kusikika pigo hata moja.

Hata hivyo visu hivyo si namna moja. Katika kijiji cha Östnor, karibu na Mora katika jimbo la Dalarna, Frost-Erik Erson alianzisha karakana mwaka wa 1891, na kazi hiyo, iliyounganishwa na ya kiwanda cha jirani mwaka wa 2005, ndiyo itoayo hadi leo visu viwili ambavyo kila mchongaji wa vijiko huvijua kwa nambari: 120, chenye kengee ya takriban milimita 60, na 106, chenye kengee ya takriban milimita 80 inayozidi kuwa nyembamba kuelekea nchani. Vyote viwili huweza kupatikana kwa chuma cha tabaka, feleji ngumu katikati na chuma laini ubavuni, na mwenye macho makali huona juu ya mteremko mstari unaoonyesha mahali ambapo ugumu unaanza. Kule Holmedal, magharibi ya Norwei, ndugu wawili wa ukoo wa Helle walianza kufua visu mwaka wa 1932, nao wakawa mashuhuri kwa tabaka tatu za chuma kisichoshika kutu upesi na vipini vilivyojaa kiganjani. Na Kauhava, katika nyanda za magharibi ya Ufini, ambako Iisakki Järvenpää alifungua karakana yake mwaka wa 1879, hutoka puukko, kisu kisichojua kukataa kazi: hupasua samaki, huchuna ngozi, hukata mkate, huchonga kuni za kuwashia moto, na jioni huchonga mwiko.

Ukiniuliza rai yangu nitakujibu kwa insafu: kwa mapindo ya shingo ya kijiko na mahali penye kona, 106 haina mshindani, kwa sababu ncha nyembamba hugeuka pasipo kuumiza mti; kwa kuondoa mti mwingi kwa nguvu, 120 ni bora, kwa kuwa makali yake yako karibu na ngumi; lakini mtu aliyeambiwa aingie msituni na kisu kimoja tu, na akachagua mojawapo ya hivyo viwili akaiacha puukko, mtu huyo amependa uchongaji kuliko chakula chake.

Sasa, jawabu hilo ni jawabu la Kiyunani kabisa, ingawa walio wengi hulitoa bila kujua. Katika kitabu cha kwanza cha *Jamhuri*, Plato anamwonyesha Sokrate akimweleza Thrasimako kwamba tawi la mzabibu huweza kukatwa kwa jambia au kwa patasi, lakini hakuna kitakacholikata vizuri kama kisu kilichofuliwa kwa kazi hiyo. Basi kazi ya kitu ni ile ambayo chenyewe peke yake huitenda, au huitenda vizuri kupita vingine vyote, na fadhila ya kitu ni ile sifa iifanyayo kazi hiyo itendeke vema. Hoja nzuri, na kila mshika kisu ataikubali. Lakini Sokrate hakukomea kisuni. Alisonga mbele toka kisu hadi jicho, toka jicho hadi sikio, na toka sikio hadi roho, akasema kwamba roho nayo ina kazi yake na fadhila yake ni uadilifu. Na msomaji aliyekwisha kukubali habari ya mzabibu hujikuta amekubali habari ya roho pasipo kuombwa hoja mpya.

Mwanafunzi wa Plato, Aristotle, alikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa kitabu chake cha *Siasa* anasema kwamba maumbile hayana uchoyo wa wale wafua chuma waliokuwa wakitengeneza kisu cha Delphi, chombo kimoja kwa kazi nyingi, bali kila kitu maumbile hukipa kazi moja, maana chombo hutimia kikitumikia jambo moja tu. Hapa mtu wa puukko atapinga, naye ana haki ya kupinga: ufupi wa kengee, unene wake wa kiasi na kutokuwa na kizuizi havikuwekwa kwa kazi moja, bali vilitafutwa kwa vizazi mpaka vikapatana na kazi nyingi, na kutosha kwa mambo mengi ni fadhila mahususi, si upungufu wa fadhila. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni jambo ambalo Aristotle alilijenga juu ya kisu kile: kwamba maumbile, yasiyo na uchoyo, yametofautisha mwanamke na mtumwa, kila mmoja na kazi yake, na kurasa chache baadaye anamwita mtumwa chombo chenye uhai. Sisi wa pwani hii, ambapo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873 tu, hatuhitaji kufundishwa mahali hoja hiyo inapoishia. Watu walisimamishwa pale, wakafunuliwa vinywa, wakatazamwa meno na mikono, kwa jicho lile lile ambalo mnunuzi hulitazamia makali na kipini.

Wapi basi walipopotea watu hawa wenye akili kupita kiasi? Mwenye dini asikimbilie kusema kwamba kosa lao ni kumpa mwanadamu kazi, kwani dini nayo humpa: Kurani inatuambia katika Sura ya Adh-Dhariyat kwamba majini na watu hawakuumbwa ila wamwabudu Mola wao. Tofauti, kwa kadiri ninavyoiona, ipo katika mambo mawili. La kwanza, kazi hiyo ni baina ya mja na Muumba, na hakuna mja mwingine aliyekabidhiwa mizani yake. Mfua kisu hujua kisu chake kimefuliwa kwa nini, na mnunuzi pia anajua, lakini jirani yangu hajui nimefikia wapi katika niliyoumbiwa. La pili, ibada haiwi ibada pasipo nia, na kisu hakina nia.

Jambo hili la pili lapasa kutazamwa vizuri, maana Kauhava yenyewe inalitolea ushahidi. Katika karne ya 19 nyanda zile zilijulikana kwa visu vyake na pia kwa wakorofi wake, vijana waliokuwa wakivamia arusi na kuchomana visu, na majina ya Antti Isotalo na Antti Rannanjärvi yangali yanatajwa huko mpaka leo. Puukko si silaha kwa umbo lake: haina kizuizi, na mkono uchomao kwa nguvu huweza kuteleza ukapita juu ya makali; aliyeifua alikuwa akifikiria mti na samaki. Lakini vijana wale walichomana nayo, na watu wa mji ule ule waliendelea kupeana puukko kama tunu ya heshima, wala hawakuona kwamba kisu kimenajisika. Walikuwa na haki. Lawama haikushika chuma kwa sababu haikuwa na mahali pa kushika.

Wanachuoni wa itikadi ya Kiash'ari, ambao vitabu vyao vimesomwa katika vyuo vya pwani tangu zamani, walilisema jambo hili kwa njia kali zaidi. As-Sanusi, aliyeishi karne ya 15, na waliomfuata, walikana kwamba moto huunguza kwa tabia yake, au chakula hushibisha kwa tabia yake, au kisu hukata kwa tabia yake. Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye ukataji pale makali yanapokutana na kitu, na desturi hiyo huendelea maadamu Yeye ameitaka iendelee. Mchongaji aweza kuona kwamba mafundisho haya yamekwenda mbali mno, kwani yeye huyategemea makali kila siku na hayamwendi kombo. Lakini hata yeye ajue kwamba waliosema hivyo walikuwa wakikivua kisu sifa ambayo si yake, ili sifa na lawama zirudi kwa wanaostahiki.

Visa viwili vya Mitume vinafaa kutajwa hapa. Katika kisa cha Nabii Ibrahimu wasimulizi hupenda kueleza jinsi kisu kilivyokataa kukata, kikalazwa shingoni kikawa butu. Kurani, inaposimulia habari hiyo katika Sura ya As-Saffat, haikitaji kisu kabisa, bali inawataja baba na mwana waliosalimu amri. Mahali pekee ambapo Kurani inakitaja kisu kwa jina lake ni katika Sura ya Yusufu, pale wanawake wa mjini walipopewa kila mmoja kisu chake, Yusufu akatoka mbele yao, nao wakajikata mikono. Visu vile havikuwa na dosari. Pengine vilikuwa vikali kuliko ilivyotakiwa. Kilichopotea ni macho ya walioshika, na kila mwenye kovu la uchongaji kwenye gumba la kushoto anaijua habari hiyo pasipo tafsiri.

Isidhaniwe kwamba natweza kazi ya kunoa. Kuna hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim ambamo Mtume, akihimiza ihsani katika kila jambo, anachagua mfano wa mchinjaji: anoe kisu chake, ampunguzie mnyama mateso. Ihsani hiyo imo katika daftari la mnoaji. Kisu kinanufaika, lakini hakiandikiwi thawabu.

Aliyefahamu kuliko wengi kwamba chombo ni kwa ajili ya mtu alikuwa Mswidi, Otto Salomon, aliyeongoza chuo cha walimu wa kazi za mikono huko Nääs, katika shamba la mjomba wake August Abrahamson, ambako walimu wa mataifa mengi walikwenda kusoma. Alikuwa amejifunza kwa Uno Cygnaeus, yule Mfini aliyeingiza kazi za mikono katika shule za umma za nchi yake mwaka wa 1866. Salomon alianza na kisu, chombo ambacho mtoto wa shamba alikuwa amekwisha kukizoea, akataka mtoto atengeneze vitu vyenye manufaa nyumbani. Lakini alikana waziwazi kwamba makusudio yake ni kufunza maseremala. Kisu ni kwa ajili ya mti, mti ni kwa ajili ya mtoto, na mwalimu hakuruhusiwa kuishika kazi ya mwanafunzi ili kuirembesha, hata kama kijiko kingetoka na shingo iliyopinda.

Nakubaliana naye kwa mengi, ila nahisi kwamba hata yeye hakutoka kabisa katika uvuli wa Wayunani, maana mtoto wake alikuwa bado anapimwa kwa bidii, umakini na kupenda kazi, na daima kutakuwa na mtoto ambaye mikono yake haiwezi kushika kisu wala akili yake haiwezi kufuata nyuzi za mti. Kisu kisichokata ni chuma chakavu. Hilo si tusi kwa kisu. Kwa mtoto huyo natafuta hukumu mahali pengine, katika vitabu vya fikihi, vinavyosema kwamba asiyeweza kusimama katika sala atasali ameketi, asiyeweza kuketi atasali amelala ubavu, na asiyeweza kutikisa hata kichwa atasali kwa ishara ya macho, na yakimshinda hayo basi ataipitisha sala moyoni mwake. Na wanachuoni wa Kishafii hawasemi kwamba sala hiyo ni nusu.