Je, Kila Pigo Latoka kwa Mungu?

Katika nchi ya Japani uko mti mdogo uitwao mitsumata, maana yake panda tatu, kwa kuwa kila tawi lake hugawanyika kuwa matatu. Kwa gome lake watu wa huko hufanya karatasi laini na imara. Hata noti za fedha yao zimetiwa gome hilo tangu karne ya 19, na siku hizi gome jingi hutoka Nepali.

Kazi yake ni hii. Matawi hukatwa kila mwaka wa tatu, nalo shina huchipuka tena. Hupikwa kwa mvuke, gome likabanduliwa, na ganda jeusi la nje likakwanguliwa. Gome jeupe huchemshwa katika maji ya majivu, likaoshwa, takataka zikaokotwa kwa vidole moja moja, kisha likapondwa kwa nyundo za mti.

Mhubiri akisikia hayo, upesi atasema, "Ndivyo Mungu atufanyavyo, vumilieni." Sisi nasi tulisema hivyo zamani. Mama mmoja alitujia, amepigwa na mumewe, tukamwambia arudi akavumilie, kwa kuwa Bwana anamtengeneza. Alirudi, akavunjwa mkono. Hatuwezi kulisahau neno letu.

Tulikosea wapi? Fundi wa karatasi huponda ili kuzitenganisha nyuzi, wala si kuzikata. Zikikatika, karatasi haina nguvu. Naye anajua anachokifanya, mkono wake una kipimo, nayo kazi yake ina mwisho. Mume yule hakuwa fundi. Hakukusudia jema lo lote; alikata tu. Kuuita mkono wake mkono wa Mungu ni kumsingizia Mungu.

Pengine mtu atauliza, "Je, Mungu hawezi kutoa jema katika baya?" Aweza, na msalaba washuhudia. Lakini waliomsulibisha Bwana hawakupata haki kwa sababu hiyo. Dhambi yao ilikuwa dhambi. Mungu akiokota kilichovunjwa, si ruhusa kwetu ya kuvunja, wala ya kumrudisha mtu penye pigo.

Basi, enyi walimu na wazee wa sharika, aliyeumizwa akija kwenu, msianze kumhubiria uvumilivu. Ulizeni kwanza: Mkono huu ni wa nani, nao wafanya nini? Mkiona wakata tu, uzuieni. Nabii Isaya alimtangaza Mtumishi asiyeuvunja mwanzi uliokwisha kupondeka. Sisi tulio watumishi wake tusiuvunje.