Fono ya Mzee: Kutengeneza ao Kununua Mpya?

Katika nyumba zingine za Katuba, fono ya mzee ingali juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa. Siku watoto wanapokutana, ubishi unaanza. Mmoja anasema: « Tuitengeneze, njo ukumbusho wa papa. » Mwingine anajibu: « Ile imekufa. Tuiuzishe, tununue ya mupya. » Watu wanafikiri ni maneno ya franga tu. Lakini ndani yake kuna swali la heshima: tuna deni gani kwa kitu tulichoachiwa?

Tuanze na kazi ya fono. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean Bosco Mwenda wa Bayeke kule Jadotville, leo Likasi. Nyimbo zake zilitoka katika diski za 78, yaani zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Diski hizo zinavunjika kama sahani, na mifereji yake ni mipana. Zinaomba sindano nene, mara tatu hivi ya ile ya diski za 33 na 45. Fono nyingi za siku hizi zinajua 33 na 45 tu. Anayenunua bila kuuliza atarudi na kitu kinachong'aa, na Bosco atabaki bubu ndani ya bahasha yake.

Lakini tusiharakishe kuwasifu wale wanaochunga. Sindano iliyokwisha, pamoja na mkono mzito wa fono ya zamani, inakula diski kila mara inapopigwa. Mtoto anayesema « mimi sigusi kitu cha papa », halafu anaendelea kupiga diski na sindano ileile, anaharibu sauti anayosema anaipenda. Heshima hiyo ni mbaya kuliko kusahau: aliyesahau anaacha diski zipumzike.

Basi, ndugu msomaji, tutenganishe mambo. Sindano, mpira wa kuzungusha, nyaya: hivyo viliwekwa ili vichakae na vibadilishwe. Kuvibadilisha ni kuendelea na kazi ya mzee. Kama fundi anapata vipande, tutengeneze. Kama mota imeungua na vipande havipatikani, tununue nyingine, mradi ipige 78 na iwe na sindano yake. Ile ya zamani ibaki ukumbusho. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, ulituonyesha kwamba hata vitu vya nyumbani ni historia ya muji.

Tena, fono ya mzee si ya yule mwenye kabati. Ni ya jamaa. Kuiuza bila kuita ndugu ni kuuza neno la wote. Na kama kuna mtoto amefukuzwa masomo juu ya minerval? Hapo jamaa ikae, iseme wazi: mashini iende, diski zibaki. Sioni mzee gani angekataa.

Watu wa pwani wanasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako wa zamani usiutupe juu ya mkeka mzuri wa mpita njia. Ni kweli kabisa. Lakini kwanza tujue mkeka wetu ni upi: si ule mbao na chuma, ni ile sauti.