Toba Iliyochelewa

Wanangu, nawasikiliza mnavyobishana kuhusu Wajerumani, na kila mara narudishiwa kauli ile ile: kwamba walishindwa vita mwaka 1945, wakaona aibu, wakatubu, wakawa watu wengine. Nimeshalieleza jambo hili hadi nimechoka. Nitalieleza tena, maana mkilishika kombo, hata haki yenu mtaidai kombo.

Haikuwa hivyo. Vita vilipokwisha Mei 1945, Mjerumani wa kawaida hakujiona mkosaji, alijiona mhanga. Miji yake ilikuwa vifusi, wanaume wengi walikuwa mateka Urusi, na mamilioni ya Wajerumani waliofukuzwa mashariki walikuwa wakihangaika kutafuta pa kulala. Machungu hayo yalikuwa ya kweli, msiyabeze. Lakini yaliwajaa moyoni hadi Wayahudi milioni 6 waliouawa wakakosa nafasi humo. Kansela wa Ujerumani Magharibi, Konrad Adenauer, alipokubali mwaka 1952 kuilipa Israeli fidia ya maki bilioni 3, kura za upande wake hazikutosha kuupitisha mkataba bungeni. Wapinzani ndio waliomwokoa. Kule Ujerumani Mashariki, serikali ya kikomunisti ilijitangaza kuwa ya wapinga ufashisti, lawama yote ikawasukumia wa magharibi.

Mabadiliko yaliletwa na ukaidi wa watu wachache. Lishikeni jina la Fritz Bauer. Alikuwa Myahudi wa Stuttgart, hakimu kijana. Wanazi walimfunga kambini mwaka 1933, baadaye akakimbilia Denmark, kisha Sweden. Vita vilipokwisha alirudi, tena kwa watu wasiotaka kukumbushwa. Akiwa mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo la Hesse, ndiye aliyewadokezea Waisraeli mahali alipojificha Adolf Eichmann, Mnazi aliyesimamia kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kuuawa, kwa kuwa hakuviamini vyombo vya sheria vya nchi yake. Halafu akawapandisha kizimbani, mjini Frankfurt, watu waliotumikia kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kesi ilianza Desemba 1963. Mmoja wa washtakiwa alikuwa na duka lake la dawa, akiwahudumia majirani miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Vijana waliofuatilia kesi ile ndio waliokwenda kuwauliza baba zao: ulikuwa wapi, ulifanya nini?

Na bado wengi walikuwa wagumu. Kansela Willy Brandt alipopiga magoti Warsaw mbele ya mnara wa kuwakumbuka Wayahudi, Desemba 1970, karibu nusu ya waliohojiwa na jarida la Der Spiegel walisema amezidisha. Mpaka Mei 1985 ndipo rais Richard von Weizsäcker alipowaambia Wajerumani bungeni kuwa siku ile ya kushindwa ilikuwa siku ya ukombozi. Miaka 40, wanangu! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kushindwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Leo kwenye njia za miguu za Berlin na miji mingi mingine mna vijiwe vya msanii Gunter Demnig, uso wa shaba, sentimita 10 kwa 10, mbele ya mlango wa nyumba: hapa aliishi fulani, alizaliwa mwaka fulani, alichukuliwa lini, aliuawa wapi. Ili ukisome lazima uiname. Vinanigusa kuliko mnara wowote, kwa sababu vinamtaja mtu kwa jina lake na mlango alikotolewa.

Msidhani yamekwisha. Chama cha mrengo mkali wa kulia cha AfD, ambacho baadhi ya vigogo wake wanataka kumbukumbu hizo za aibu zikomeshwe, kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura mwezi Februari 2025.

Sasa tujitazame sisi Watanzania, tuliotawaliwa na Wajerumani hao. Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 kuomba msamaha kwa ajili ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika vita hivyo, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na wazao wake wamekuwa wakilitafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Kwa nini msamaha huo ulichelewa hivyo? Kwa Wayahudi walikuwapo akina Bauer waliouliza bila kuchoka, kwa majina na tarehe. Kwa hiyo acheni kubishana kama Mjerumani ana aibu au hana. Nendeni kwa wazee wa Ruvuma, Lindi na Kilwa, mwandike nani alinyongwa, wapi, na ni wa ukoo gani. Yaandikieni makumbusho ya Ujerumani, muwatajie majina hayo. Wasipojibu, andikeni tena.