Kuziba Ufa Si Kuuficha

Ndugu msomaji, je, mtu aliyekosa kisha akajirekebisha, yampasa aifiche alama ya kosa lake? Wengi hujibu upesi kwamba aibu ni ya kusitiriwa. Lakini na tutazame kwanza chombo kimoja cha udongo, ndipo tuhukumu.

Katika jumba la makumbusho la Hatakeyama, mjini Tokyo, limo bakuli jekundu la chai liitwalo Seppō, yaani kilele chenye theluji. Kwani weupe huteremka ukingoni mwake kama theluji mlimani. Alilifinyanga kwa mkono Hon'ami Kōetsu wa Kyoto, aliyeishi tangu mwaka 1558 hadi 1637. Ukoo wake ulifanya kazi ya kusugua na kukagua panga. Walikuwa watu wa kupambanua kizuri na kibovu. Basi bakuli hilo lilipasuka lilipokuwa likichomwa, walakini halikutupwa. Nyufa zake zilizibwa kwa utomvu wa mti na dhahabu, nazo zaonekana wazi mpaka leo.

Yatafakari haya. Katika karamu ya chai nzito ya Wajapani, wageni hupokezana bakuli moja. Lau ufa ungalipakwa rangi nyekundu tu, macho yangalidanganyika, lakini chai ingalimvujia mgeni mikononi. Hapa ndipo ilipo tofauti: afichaye hujifikiria nafsi yake, azibaye humfikiria mwenziwe.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema usipouficha. Mfanyabiashara aliyepunja mizani, akahamia mji mwingine na kuanza kusifiwa kwa uaminifu, ameficha. Akiwarudishia haki yao wale aliowapunja, hapo ameziba, ijapokuwa watamjua kuwa ndiye.

Huenda ukauliza: Basi tuyatangaze makosa yetu barazani? Hasha! Dhahabu ile haipigi kelele, wala hakuna mfinyanzi mwenye akili apasuaye bakuli ili apate kulipamba. Ufa ulikuwa hasara. Uzuri umo katika kutengenezwa kwake. Nasi tulioketi pamoja naye, tusiuelekezee kidole ufa ambao hauvuji tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usijiulize kama watu wanaliona kosa lako la jana. Jiulize: je, yuko mtu ambaye mpaka leo linamvujia?